Watoto na Hukumu ya Vitabu

Mtoto amefunga kitabu. Baba, ambaye muda wote huo alikuwa akimtazama kwa furaha, amwuliza: "Haya, mwanangu, kitabu hicho chafundisha nini?" Mtoto asimama wima, aweka mikono nyuma, kisha ajibu: "Chatufundisha tuwe na adabu, tuwatii wakubwa, na tusiwe wavivu." Baba aridhika. Wiki ya pili mtoto amaliza kitabu kingine, kisichofanana na kile hata kidogo, na jibu ni lile lile. Wasomaji wetu walio na watoto shuleni wajua kwamba hatutii chumvi. Iwe hadithi ya sungura, ya baharia au ya mfalme, zote zafundisha adabu, utii na bidii.

Hatusemi kwamba jibu hilo ni baya. Twasema si jibu la msomaji. Ni jibu awezalo kulitoa mtu ambaye hakukifungua kitabu, na mtoto ana akili ya kutosha kulitambua hilo mapema. Ameona kwamba mkubwa hamwulizi alichokikuta katika kitabu, bali amwuliza kama yeye ni mtoto mwema. Afikapo shule ya sekondari desturi hiyo imekwisha kuota mizizi. Huko hununua kijitabu cha uhakiki, ambamo dhamira, wahusika na mafunzo vimekwisha kupangwa kwa nambari. Hukikariri usiku wa kuamkia mtihani, hupata alama zake, na riwaya yenyewe hubaki mpya kama ilivyotoka dukani. Tumewaona vijana waliofaulu vizuri katika fasihi, nao hawajasoma hata riwaya moja tangu mwanzo hata mwisho.

Basi leo twapenda kusema na wazazi, na vijana wenyewe pia, juu ya jambo hili moja: namna ya kumzoeza mtoto kutoa maoni yake juu ya kitabu, na kuyasikiliza ya mwenzake.

Kitabu cha kuanzia twakijua. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo Karama ashtakiwa mbele ya mfalme, mshtaki wake akiwa Waziri Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha mafundisho ya sheria. Apewapo nafasi ya kujitetea hasemi, "Naona nchi hii haina haki," kisha akanyamaza. Aleta habari za wajumbe sita, waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja akalipwa mateso. Hayo ndiyo maoni yaliyo na mashahidi.

Kanuni tunayoipendekeza kwa watoto ni hiyo hiyo ya Karama. Sema utakalo juu ya kitabu, mradi ulete shahidi kutoka ndani ya kitabu. Mtoto aweza hata kusema kwamba kitabu chachosha. Neno hilo si dhambi. Lakini aulizwe: Kilikuchosha wapi? Mmoja ajibu kwamba alipofika kwa mjumbe wa tatu alikwisha kujua yatakayompata wa nne, wa tano na wa sita. Mwenzake amjibu kwamba ndivyo mwandishi alivyokusudia, maana watu wa Kusadikika nao walikwisha kuzoea kuona mema yakilipwa kwa mabaya, na msomaji yampasa kuuonja uchovu wao. Hapo hapana mshindi, lakini wote wawili wamesoma. Sisi twaelekea upande wa huyo wa pili, tukikiri kwamba twampenda mno Shaaban Robert hata hatufai kuwa mahakimu wa shauri hilo.

Kuna wazazi watakaotuuliza: Je, mtoto ni nani hata amhukumu mwandishi mkuu? Tuwajibu kwa mfano. Mashimo ya Mfalme Sulemani ni kitabu ambacho wazee wengi wa Afrika ya Mashariki walikisoma shuleni. Kiliandikwa na Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885, kikatafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Katika kitabu hicho wageni wawatia watu hofu kwa kutabiri kupatwa. Katika chapa ya kwanza lilipatwa jua. Katika chapa za baadaye Haggard mwenyewe alibadili, ukapatwa mwezi, kwa sababu hesabu ya siku haikupatana na kupatwa kwa jua. Ikiwa mwandishi aliona si aibu kukisahihisha kitabu chake, yawaje iwe aibu kwa msomaji kukiuliza maswali?

Na maswali yapo. Mpe kijana wa kiume kitabu hicho, huenda asilale usiku ule: kuna jangwa, kuna vita, kuna hazina, kuna mlango wa jiwe unaojifunga. Mpe dada yake, aweza kukurudia na jambo jingine. Msichana mmoja wa nchi ile ampenda Mzungu mmoja na kumwuguza, mwisho auawa pangoni. Na msimulizi, katika Kiingereza chake, asema waziwazi kwamba afadhali imekuwa hivyo, maana matata makubwa yameepukwa. Dada huyo akiuliza kwa nini ilimpasa msichana yule afe, ameiona siri ambayo ndugu yake, kwa mbio za kuifuata hazina, aliipita asiione. Hatuna haja ya kumnyang'anya kijana furaha yake wala kumkemea dada kwa kuiharibu. Kitabu kimoja chaweza kuwa kizuri kwa usimulizi na kibaya kwa jinsi kinavyowatazama watu, na kijana aliyejifunza kuyashika mambo hayo mawili pamoja, lile mkono wa kulia na hili mkono wa kushoto, hatadanganywa kwa urahisi na gazeti, wala na mwanasiasa, wala na simu yake.

Kwa wadogo zaidi twataja kitabu kisicho na fundisho lo lote, nacho ni hadithi ya Alisi. Lewis Carroll aliitoa mwaka 1865. Kwa Kiswahili ilitokea mwaka 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha zake zilimwonyesha Elisi kama mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, kazi ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Humo yumo bibi mmoja mkubwa ambaye kila asikiapo jambo hutafuta fundisho lake, hata pale pasipo na fundisho, na mwandishi amfanyia mzaha. Twashuku kwamba bibi huyo angefaulu vizuri sana katika mitihani yetu. Mtoto akisoma hadithi hiyo akasema tu, "Nimecheka," amekwisha sema la kweli. Mwulize alicheka wapi, kisha msome tena mahali hapo pamoja.

Kwa vijana waliokaribia utu uzima jambo ni zito zaidi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, hata kikasomeshwa. Wengi wamekisema bila kukisoma, wakiogopa mambo ya ukware yaliyomo. Lakini mwanzo wa maafa ya Rosa hauko huko. Uko nyumbani, kwa baba yake Zakaria, mlevi, ampigaye binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, na kumfungia kila njia ya kuzoeana na watu kwa hiari na busara. Rosa atoka nyumbani akijua kuogopa tu. Afikapo mahali ambapo baba hayupo, hana kitu cha kumwongoza. Sisi hatusemi kila kijana apewe kitabu hicho. Mzazi akisome kwanza, naye ndiye ajuaye umri na tabia ya mwanawe. Twasema kwamba mzazi atakayekisoma atakutana na swali linalomhusu yeye kuliko linavyomhusu binti yake. Na akiweza kukizungumza na binti huyo mezani, huyu akisema la kwake bila kutetemeka, amekwisha fanya jambo ambalo Zakaria hakulifanya.

Sasa tuseme kidogo juu ya namna ya kufanya. Nyumba nyingi zina nakala moja tu ya kitabu, kama ipo. Si kitu, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na zamu zibadilike. (Vitabu vya Kiswahili vya watoto si haba siku hizi, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, umesaidia kuvitoa vingi.) Kisomo kikiisha, watoto wanaojua kuandika waandike kwanza sentensi mbili kila mmoja peke yake, kabla ya mtu ye yote kufungua kinywa, maana mtoto akisikia maoni ya kaka yake huyaazima mara moja. Kisha mdogo aanze kusema, na mkubwa amalize. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, aliagiza kwamba penye shauri kubwa waitwe watawa wote, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Abate husikiliza kwanza, ndipo aamue. Baba wa nyumba naye aweza kungoja dakika kumi.

Twajua kwamba kungoja huko ni kugumu, maana sisi wenyewe tulishindwa. Tulikuwa tumekaa na vijana wachache tukisoma Adili na Nduguze, kitabu kingine cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Wasomaji waikumbuka hadithi: Hasidi na Mwivu wamhusudu ndugu yao Adili, wamtosa baharini, jini awageuza manyani, na Adili aamriwa kuwapiga kila usiku, naye awapiga kwa uchungu. Binti mmoja, hakupita miaka kumi na miwili, akasema: "Mimi simpendi Adili. Angekuwa mwema angeutupa ule mjeledi." Hatukungoja. Tulimweleza pale pale kwamba Adili alishurutishwa, kwamba angekataa angeadhibiwa yeye, na kwamba wema wake waonekana katika machozi yake. Maelezo yalikuwa mazuri, nasi tulijipenda. Waliofuata wote wakasema kwamba Adili alishurutishwa na kwamba wema wake waonekana katika machozi yake. Binti yule hakusema tena siku ile.

Usiku tulikifungua kitabu ili tujihakikishie kwamba tulikuwa na haki. Tukakuta kwamba mjeledi, miaka yote ile, haukuwatoa wale ndugu katika unyani. Waliupata tena ubinadamu wao baada ya Mfalme Rai kupata habari zao na kuingia kati kuwaombea. Neno la mtoto lilikuwa limegusa mahali pale pale ambapo hadithi yote yageukia, nasi tulilifunika kwa maelezo.

Tulipokutana tena tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukamtaka aseme yote aliyokuwa nayo. Alisita kidogo. Kisha akauliza kwa nini Adili, akiwa na uchungu kiasi kile, hakwenda yeye mwenyewe kumsihi jini awasamehe nduguze, mpaka mfalme aje kulifanya. Hatukuwa na jibu. Mvulana mmoja akakivuta kitabu kwake, akaanza kutafuta.