Magofu ya Carthage

Wanafunzi wa Tunis hufika Carthage kwa safari fupi ya treni kandokando ya bahari. Wengi hukimbilia mabafu ya Kaisari Antonino, yaliyojengwa ufukweni katika karne ya 2. Ni magofu ya fahari, hatukatai. Lakini mwalimu mwema awapeleke kwanza kwenye uwanja wa duara, walimopiganishwa watu na wanyama, ingawa mawe yake mengi yalikwisha kuchukuliwa. Humo, kadiri ya mapokeo, mwaka 203 waliuawa Felisita, mtumwa aliyejifungua gerezani, na Perpetua, mama wa miaka kama 22 aliyekuwa akinyonyesha. Perpetua aliandika kwa mkono wake habari za kifungo chake. Kurasa hizo zingalipo. Na zisomwe papo hapo, kwa sauti.