Kadi Kwanza, Injini Baadaye: Kwa Mkazi Anayenunua Gari Lililotumika

Mkazi wa Tangini anayetafuta gari lililotumika kwa kawaida huanza na boneti. Huchungulia, huomba injini iwashwe, kisha bei hujadiliwa huku kadi ikitajwa kuwa ipo nyumbani. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Injini mbovu hutengenezwa na fundi. Gari lililowekwa dhamana ya mkopo laweza kuondolewa uani kwa mnunuzi asiye na kosa, naye akabaki na karatasi ya makubaliano mkononi.

Swali la kwanza, basi, ni hili: kadi halisi ya usajili iko wapi, na jina lililomo ni la nani? Fotokopi au picha ya simu haitoshi. Jina hilo lilinganishwe na kitambulisho cha taifa cha muuzaji. Si ajabu ikabainika kwamba muuzaji alilinunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyefika TRA. Hapo fedha zisitoke mpaka mmiliki aliyeandikwa apatikane na kusaini mwenyewe. Akiwa amefariki dunia, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjane wala mtoto mkubwa, hata kama ukoo mzima umeridhia.

Kisha kadi isomwe mbele ya gari lenyewe. Namba ya chesisi, ambayo katika magari mengi ya Kijapani imechongwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria, ilinganishwe herufi kwa herufi. Ikiwa imekwanguliwa au bati limechomelewa, mazungumzo yaishie hapo, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Kibao nacho hueleza habari: cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha biashara. Kibao cha njano kinachong'aa upya juu ya Noah iliyochakaa ni sababu ya kuuliza kama haikupata kubeba abiria.

Faini za barabarani zinafuata namba ya gari. Kosa moja la shilingi 30,000 si mzigo, lakini makosa kumi yaliyolimbikizwa ni fedha za matairi. Deni huangaliwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya usajili, na uhalali wa bima katika mfumo wa TIRA. Muuzaji au dalali akidai arejeshewe ada ya mwaka ya leseni ya gari, asisikilizwe. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Baada ya hayo ndipo zamu ya fundi. Awe fundi wa mnunuzi, anayelipwa na mnunuzi. Muuzaji aombwe asiliwashe gari kabla hawajafika, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huficha ugumu wa kuwaka na milio ya asubuhi. Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokoma huashiria maji kuingia ndani ya injini, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa huthibitisha shaka hiyo. Mita ikisoma kilomita chache ilhali pedali zimelika na usukani umechubuka, yaaminiwe pedali. Gari lipelekwe Barabara ya Morogoro ili gia zote zibadilike, kisha kwenye barabara ya vumbi ya mtaani, ambako shokapu na bushi husema zenyewe.

Wakikubaliana, mkataba usainiwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki au simu ili yaache kumbukumbu, na pande zote mbili, kila mmoja na TIN yake, wakamilishe uhamisho wa umiliki TRA kwa kulipa ada na ushuru wa stempu. Kampuni ya bima nayo ijulishwe, kwani mkataba wa awali ulikuwa na mmiliki wa awali. Muuzaji asione kwamba hatua hii haimhusu: mpaka jina libadilike, gari likigonga mtu na dereva akakimbia, atakayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake limo kwenye kadi.