Bata mzinga wa Krismasi bila oveni

SWALI: Nipo Mgeta, nina bata mzinga wa kilo 5 na sufuria kubwa tu. Sijawahi kumbanika. Nifanyeje?

JIBU: Dada, usimbanike mzima. Kidari huiva mapema na kukauka wakati mapaja bado mabichi. Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapoharibu. Mtenganishe mapaja na kidari. Mpake chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na mdalasini (viungo vya Kinole, hukohuko Morogoro, vinatosha kabisa), kisha alale kwenye friji. Kama huna friji, mchinje asubuhi ya siku ya kupika, viungo vikolee saa moja tu.

Tandaza karoti na viazi vya hapo Mgeta chini ya sufuria, mimina kikombe cha maji, panga mapaja. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 hivi ongeza kidari. Mwagie mchuzi wake mara kwa mara.

Usiamini rangi ya ngozi. Dunga paja kwa kisu penye unene: maji yatoke meupe, bila wekundu. Ukiwa na kipimajoto, kisome nyuzi 74. Mpumzishe dakika 20 kabla ya kukata.