Umekabidhiwa seva usiyoizoea? Anzia hapa

Umezoea Apache, halafu kwa kazi mpya unakuta duka la mtandaoni liko kwa Nginx. Unahamisha faili, ukurasa wa kwanza unafunguka sawa. Kisha simu zinaanza: mteja amelipa, SMS ameipata, lakini oda bado inasoma "haijalipwa".

Tulia, pesa haijapotea. Tunatuma taarifa ya malipo kwa anwani uliyotupa, ila huenda seva inatujibu 404. Nginx haisomi faili ya .htaccess, kwa hivyo kanuni ulizoandika humo, hata za kufunga folda za siri, hazifanyi kazi tena.

Fanya hivi:

1. Andika upya kanuni hizo ndani ya /etc/nginx, ukianza na za kufunga folda.
2. Andika nginx -t. Kukiwa na kosa, itakuonyesha mstari. Rekebisha, kisha nginx -s reload.
3. Fanya malipo ya shilingi 10 ukitazama access.log. Ukiona 200 na oda ikasoma "imelipwa", mambo sawa.

Oda zilizokwama, zilinganishe na taarifa ya akaunti yako kwa nambari ya muamala, moja moja. Tafadhali, usimwambie mteja alipe tena.