Kiungo au Kielekezi? Istilahi na Tatizo la Kufuta Faili katika Linux

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi moja ya kompyuta inavyoweza kumpotosha mtumiaji hadi akaangamiza kazi yake. Istilahi yenyewe ni kiungo, yaani faili ndogo iliyobeba anwani tu ya faili au folda nyingine. Viungo vya namna hii viliingizwa katika mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983, na vimo pia katika Linux.

Mfano wa Voi

Mjini Voi, barabara ya Taveta huchepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Kibao cha njia panda kilichoandikwa "Taveta" si Taveta. Mtu akiking'oa, mji hubaki pale pale, takriban kilomita 110 mbele. Lakini akikifuata, akafika na kuchoma ghala, ghala huteketea kweli.

Ndivyo ilivyo katika Linux. Tuchukulie mwanafunzi aliyerekodi ngano za Kisaghala kwa wazee wa Mlima Sagalla, akazihifadhi katika diski ya nje, kisha akaweka kiungo cha folda hiyo katika kompyuta yake. Akikifuta kiungo chenyewe, rekodi husalia. Akikifungua na kufuta faili zinazoonekana humo, akidhani ni nakala, hufuta rekodi zenyewe.

Wakati mwingine programu ya kusimamia faili hukataa kufuta. Sababu kuu ni mbili. Kwanza, ruhusa inayozingatiwa ni ya folda halisi iliyobeba faili, wala si ya kiungo. Pili, kutupa faili katika pipa la taka ni kuihamisha. Programu isiyotambua kwamba njia imevuka hadi diski nyingine huweza kushindwa. Hapo baadhi ya programu humshauri mtumiaji afute moja kwa moja. Akikubali, hakuna pipa la kuokotea.

Mjadala wa istilahi

Neno kiungo hutaja pia sehemu ya mwili, na kiungo cha mwili kikikatwa mwili hudhurika. Hivyo neno hili humtia mtumiaji hofu pasipo hatari, na kumwacha bila tahadhari penye hatari. Kielekezi, kutokana na kitenzi elekeza, hubainisha kazi ya kuonyesha njia. Kasoro yake ni kwamba hutumika pia kwa kishale cha kipanya. Kwa hiyo "kielekezi cha faili" ingefaa zaidi.

Hitimisho

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaimudu kompyuta. Kazi iliyosalia ni kuzipima istilahi kwa utendaji wake. Hadi hapo, mtumiaji na atumie amri ya ls -l kabla ya kufuta: penye kielekezi, amri hiyo huonyesha mshale na mahali unapoelekea.