Nyoka na Mjusi: Ujamaa Wao na Tofauti Zao

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa watu wengi wakiulizwa tofauti ya nyoka na mjusi hujibu upesi: mwenye miguu ni mjusi, asiye nayo ni nyoka. Jawabu hili ni jepesi, nalo si sahihi. Chatu ni nyoka pasi na shaka, na karibu na tundu lake la nyuma ana kucha mbili ndogo, masalio ya miguu ya wazee wake wa kale. Na katika Tanzania wako mijusi waishio chini ya udongo wasio na mguu hata mmoja. Mkulima akimfukua mmojawapo kwa jembe humuua, akidhani ni mtoto wa nyoka.

Ad-Damiri, aliyekufa mwaka 1405, alipokusanya kitabu chake cha wanyama aliwapanga kwa herufi za majina yao. Mpango huo wamfaa atafutaye neno, lakini haumwambii nani ni jamaa ya nani. Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1758, aliwatia nyoka na mijusi fungu moja na vyura. Kisha Mjerumani Oppel, mwaka 1811, akawakusanya katika fungu la wenye magamba, nalo ndilo lililobaki hata leo: lina aina zaidi ya 11,000, na katika hizo nyoka ni kama 4,000. Elimu ya sasa imeongeza jambo la ajabu, kwamba nyoka ni tawi lililochipuka katika shina lile lile la mijusi. Kenge ni jamaa wa karibu zaidi wa nyoka kuliko wa mjusi kafiri. Ama mamba, ajapofanana na mjusi mkubwa, ujamaa wake wa karibu ni kwa ndege.

Basi hapana alama moja itoshayo. Ulimi wa panda, nyoka anao na kenge anao. Huutoa kuokota harufu na kuipeleka kwenye vitundu viwili katika kaakaa. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba angavu, lakini mjusi kafiri naye hana (jina baya kwa mnyama alaye mbu wetu!), hulilamba jicho lake kwa ulimi. Yapasa alama zikusanywe: nyoka hana tundu la sikio, mkia wake aghalabu ni mfupi kuliko kiwiliwili, na mifupa miwili ya taya lake la chini haikuungana kidevuni, ndiyo sababu humeza kitu kipana kuliko kichwa chake.

Katika Afrika ya Mashariki hapana mjusi wala kinyonga auaye mtu kwa sumu. Kwa nyoka sivyo. Sumu ya kifutu huozesha nyama, ya koboko huzuia pumzi. Na Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, wala asiwekewe jiwe la nyoka akangojewa. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kisitikiswe, achukuliwe upesi hospitali yenye dawa ya kupinga sumu. Nyoka mwenyewe asifuatwe. Yatosha kueleza rangi na umbo lake, maana hata kichwa kilichokatwa chaweza kuuma kwa muda baada ya kufa.