Katuni za Siasa na Chakula: Mwalimu wa Katavi Azitafute Wapi Mtandaoni?

Chakula kinaingiaje kwenye katuni ya siasa?

Mchora katuni ana nafasi ndogo na msomaji mwenye haraka, kwa hiyo hutafuta alama inayoeleweka bila maelezo. Sahani tupu, gunia la unga, keki inayokatwa: aliyesoma na asiyesoma wote huelewa. Waandamanaji wa Kenya waliojivika sufuria vichwani mwaka 2023 kulalamikia ugumu wa maisha walitumia lugha hiyohiyo ya alama.

Katuni hizi ziko za aina mbili, na somo huyumba zikichanganywa. Katika aina ya kwanza chakula ni mfano tu: nchi ni keki, madaraka ni mlo. Katika ya pili chakula ndicho habari yenyewe: bei ya mahindi, uhaba wa sukari, mgawo wa mafuta ya kula. Anayetafuta katuni aamue kwanza anataka ya aina gani.

Utafutaji uanzie wapi?

Wengi huandika "katuni za siasa" kwenye Google na kuchukua picha ya kwanza inayotokea. Picha hiyo mara nyingi haina jina la mchoraji, gazeti wala tarehe, na katuni isiyo na tarehe haifundishiki, kwa sababu mwanafunzi hawezi kujua inazungumzia nini. Njia ya uhakika ni kuanza na tukio na mwaka wake, kisha kuingia kwenye hifadhi ya umma ambako kila picha ina kumbukumbu zake. Tatu zinatosha kwa kuanzia, na zote hutazamwa bila malipo: Library of Congress, yaani maktaba ya bunge la Marekani, British Museum ya London, na Wikimedia Commons.

Humo zimo kazi mbili ambazo kila mwalimu wa historia angefaa kuwa nazo. Ya kwanza ni ya James Gillray ya mwaka 1805: waziri mkuu wa Uingereza William Pitt na Napoleon wa Ufaransa wamekaa mezani wakiikata dunia iliyochorwa kama pudingi, Pitt akijimegea bahari na Napoleon akijimegea Ulaya. Ya pili ni ya Draner, iliyotoka katika gazeti la Kifaransa L'Illustration Januari 1885, wakati Mkutano wa Berlin unaendelea. Bismarck wa Ujerumani ameshika kisu mbele ya keki iliyoandikwa Afrika, na wageni wake wanaikodolea macho. Mada ya kugawanywa kwa bara, ambayo vitabuni huonekana kama orodha ya mikataba, hapo inaonekana mara moja. Swali lenye uzito kuliko yote kuhusu katuni hiyo ni nani hayupo mezani: hakuna mjumbe wa Kiafrika aliyealikwa Berlin.

Ipo katuni inayogusa magharibi ya Tanzania moja kwa moja?

Zipo, na kwa shule za Katavi hizi ndizo zenye manufaa zaidi. Zinahusu mpango wa karanga wa Tanganyika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake walikuwa bado wanapata chakula kwa mgawo. Mwaka 1946 serikali ya London ilikubali wazo la kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, kwa bajeti ya pauni milioni 25. Kazi ilianza 1947 Kongwa, kisha ikahusisha Nachingwea na Urambo. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, na baadhi yalitengenezwa kutokana na vifaru. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe, mvua haikutabirika, na walioupanga mpango walikuwa hawajaipima ardhi vya kutosha kabla ya kutangaza malengo. Januari 1951 mpango ulifutwa ukiwa umeigharimu Uingereza pauni milioni 36 hivi. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache mno.

Aliyebeba lawama bungeni alikuwa John Strachey, Waziri wa Chakula, na magazeti ya Uingereza yaliufanya mpango huo kichekesho. Mahali pa kutafuta ni British Cartoon Archive ya Chuo Kikuu cha Kent, hifadhi kubwa ya katuni za magazeti ya Uingereza zikiwemo kazi za David Low. Orodha yake iko kwa Kiingereza, kwa hiyo utafutaji kwa Kiswahili hautoi kitu: neno la kuandika ni groundnuts, na jina la Strachey, pamoja na miaka 1947 hadi 1951.

Urambo si mbali na Katavi. Treni inayotoka Mpanda huungana na reli ya Kigoma hapo Kaliua, na kituo kinachofuata kwa ukubwa kuelekea Tabora ni Urambo. Baada ya karanga kushindwa, eneo hilo likageukia tumbaku, zao ambalo wakulima wengi wa Mpanda nao wanalijua kwa jasho lao. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini msomaji wa London alicheka mwaka 1949 anaweza kuulizwa swali zito zaidi: je, mkulima wa Urambo naye alikuwa na la kucheka? Katuni zile zilichorwa kwa ajili ya mlipakodi wa Kiingereza, na hasara inayozungumzwa ndani yake ni ya kwake. Kulibaini hilo ndiyo kazi kubwa ya somo.

Na za Kiswahili?

Hazipatikani kwa urahisi kama inavyostahili, jambo la kusikitisha kwa nchi yenye wachoraji hodari. Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwachekesha Watanzania wa enzi za Ujamaa, lakini anayemhitaji hulazimika kwenda kwenye majalada ya magazeti ya zamani. Kwa miaka ya karibuni hali ni bora. Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation la Kenya mwaka 1992, ana tovuti yenye kazi zake za miaka mingi. Masoud Kipanya huweka kazi zake katika kurasa zake za mitandao ya kijamii.

Hapa pia tarehe ndiyo ufunguo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Mwalimu apekue magazeti ya Kenya na Tanzania ya wiki hiyo na kulinganisha katuni zake.

Shule isiyo na intaneti ifanyeje?

Picha zipakuliwe mjini Mpanda na kubebwa kwenye memori kadi. Programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, huhifadhi Wikipedia kwenye simu au kompyuta ikasomwa bila bando, huko Karema au Mishamo. Kopi moja ya karatasi kwa kila wanafunzi wanne inatosha.

Katuni isomweje darasani?

Polepole. Wanafunzi wataje kwanza wanachokiona tu: nani kachorwa mkubwa, nani mdogo, nani ana sahani. Maana isubiri. Ndipo waelezwe mwaka na gazeti, na mwishoni waseme kama wanakubaliana na mchoraji. Katuni ni hoja ya mtu mmoja, wala si ushahidi wa kilichotokea, na hoja hupimwa. Kwa hiyo kila katuni iambatane na maandishi ya wakati huohuo yanayosema tofauti.

Sheria inaruhusu?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kazi itumike kufundishia kwa kiasi cha haja, mradi mwandishi na chanzo vitajwe. Kuirusha kazi ya mtu kwenye makundi ya WhatsApp ni jambo jingine, na kufuta sahihi ya mchoraji ni dhuluma. Kwa katuni za viongozi waliopo madarakani, mwalimu wa shule ya umma achague zinazokosoa pande zaidi ya moja, asigeuze darasa kuwa jukwaa la chama.

Wanafunzi wa Katavi wachore nini?

Wachore yanayowahusu. Katavi huzalisha ziada ya chakula, mpunga wa Mpimbwe unasafirishwa mbali, na Karema kuna dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na mikoa inayolima sana haikusalimika. Ghala limejaa na mtoto amedumaa: mchoraji gani mzoefu angeiacha mada hiyo? Shamba la tumbaku na shamba la mahindi ya kula, ndani ya familia moja, ni mada nyingine.

Kazi zilizo bora zipigwe picha, ziandikwe mwaka, kata na maelezo mafupi kwa Kiswahili, na zitunzwe shuleni. Walimu wa mkoa wakizikusanya kwa pamoja, darasa la mwakani litakuwa na mahali pa kuanzia bila kupitia Kent wala London.